Superantijeni hushikaje kipokezi cha seli T, na mguso dhaifu huamshaje seli nyingi kiasi hicho?

Chipukizi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Ninasoma elimu ya kinga ya mwili chuoni na nimefika kwenye sura ya superantijeni, ambako kuna mambo ninayoweza kuyakariri lakini siwezi kuyaeleza kwa mtu mwingine, jambo linaloonyesha kwamba bado sijayaelewa.

Ninachokifahamu ni hiki. Kwa kawaida antijeni ya protini humezwa na seli inayoiwasilisha, hukatwakatwa kuwa peptidi fupi, kisha peptidi hiyo hupakatwa kwenye mfuo wa molekuli ya MHC daraja la II (protini ya kuzionyesha seli T peptidi) na kupandishwa hadi juu ya utando wa seli, ambako kipokezi cha seli T huigusa peptidi pamoja na kingo za mfuo wenyewe. Kwa kuwa kila ukoo wa seli T una kipokezi chake, ni seli chache mno zinazoitambua peptidi moja, pengine 1 kati ya 10,000 hadi 1 kati ya 1,000,000. Superantijeni, kama vile sumu zinazotolewa na bakteria Staphylococcus aureus na Streptococcus pyogenes, haziifuati njia hiyo. Hazihitaji kukatwa wala kukaa ndani ya mfuo. Zikiwa nzima hushika MHC kwa nje upande mmoja na kipokezi cha seli T upande wa pili, na asilimia 5 hadi 20 ya seli T zote, wakati mwingine zaidi, huamka kwa mkupuo.

Yanayonikwamisha ni matatu. Kwanza, ikiwa superantijeni inaukwepa utambuzi wa peptidi, ambao ndio unaozitofautisha seli T, kwa nini isiziamshe zote? Kwa nini iishie kwenye asilimia 5 au 20? Pili, nimeona majedwali yanayoonyesha kwamba mshikamano kati ya superantijeni na kipokezi hupimwa kwa mikromola (namba ikiwa ndogo, mshikamano ni mkali zaidi), yaani ni hafifu mara maelfu kuliko wa kingamwili nzuri na antijeni yake, ilhali sumu hizi hufanya kazi hata zikiwa pikogramu chache tu kwa mililita. Tatu, mchoro wa kitabu changu unaonyesha MHC na kipokezi vikitazamana kama kawaida, peptidi ikiwa katikati, na superantijeni ikiwa imevibana pamoja kwa pembeni. Je, mchoro huo ni sahihi kwa superantijeni zote?

Nitashukuru kwa maelezo marefu. Sina haraka.

---

Mwalimu Kinga alijibu:

Ndugu Chipukizi, swali lako la kwanza ndilo mzizi wa mambo yote, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Kipokezi cha kawaida cha seli T kina minyororo miwili, alfa na beta, na kila mnyororo una eneo badilifu lenye vitanzi vitatu vinavyoitwa CDR1, CDR2 na CDR3. Vitanzi hivi havitokani na chanzo kimoja, na hapo ndipo wanafunzi wengi hupitiwa. CDR1 na CDR2 zimeandikwa ndani ya jeni V yenyewe, ambayo mtu huirithi kwa wazazi wake ikiwa kamili. CDR3 haimo katika jeni yoyote ya kurithi; hutengenezwa ndani ya tezi ya thaimasi pale vipande vya jeni V, D na J vinapounganishwa, huku nyukleotidi nyingine zikiongezwa na nyingine zikiondolewa kwenye maungio bila mpangilio maalumu. Seli mbili zinaweza kutumia jeni V ileile ya beta na bado zikawa na CDR3 zisizofanana hata kidogo. Kipokezi kinapokutana na peptidi kwa njia ya kawaida, CDR3 za minyororo yote miwili ndizo zinazokaa juu ya kiini cha peptidi, na CDR1 na CDR2 hukaa zaidi juu ya kingo za mfuo. Ile idadi ndogo ya 1 kati ya 10,000 au pungufu inatokana kwa sehemu kubwa na CDR3.

Sasa itazame superantijeni inakwenda kushika wapi. Nyingi kati ya zile zilizochunguzwa vizuri hushika ubavu wa eneo badilifu la mnyororo wa beta, yaani Vβ, zikigusa hasa CDR2, kitanzi cha nne kinachoitwa HV4, na sehemu ya kiunzi iliyo jirani navyo. Sehemu hizo zote zimeandikwa ndani ya jeni V. Kila seli inayotumia jeni hiyo inazo, iwe kipokezi chake kimekusudiwa kutambua kirusi, chavua au kitu ambacho mwili hautakutana nacho maisha yote. Binadamu ana jeni za Vβ zinazofanya kazi zisizofika 50, zilizopangwa katika familia ishirini na kitu, na superantijeni inayolingana na familia moja huzipata seli zote za familia hiyo kwa pamoja. Ndiyo maana huishia kwenye asilimia 5 au 20: hiyo ni hesabu ya seli zinazobeba Vβ inayohusika. TSST-1, sumu ya sindromu ya mshtuko wa sumu, huchagua Vβ2 karibu pekee. SEB, mojawapo ya sumu za Staphylococcus aureus zinazotapisha, hukamata familia kadhaa, zikiwemo Vβ3, Vβ12, Vβ14 na Vβ17.

Kwa hiyo superantijeni ina uteuzi, ila uteuzi wake uko katika ngazi nyingine. Ningependa ulishike hilo kwa nguvu, kwa sababu ndilo linaloitenganisha na vichochezi kama konkanavalini A, ambavyo hushika sukari zilizo juu ya vipokezi na kuamsha seli T bila kujali zina Vβ gani. Philippa Marrack na John Kappler, walioleta jina superantijeni mwaka 1989, walilitoa wakati kundi lao lilipoonyesha kwamba SEB huamsha seli za Vβ fulani tu. Walikuwa na sababu ya kutazama huko. Kwa miaka mingi watafiti wa panya walikuwa wakishangazwa na antijeni zilizoitwa Mls, ambazo zilisababisha seli T za panya wa ukoo mmoja kuwaka vikali dhidi ya seli za panya mwingine hata pale MHC zao zilipofanana. Mwaka 1988 ikagundulika kwamba panya wenye Mls ya aina fulani hukosa karibu seli zote zenye Vβ6 na Vβ8.1, kwa kuwa huondolewa ndani ya thaimasi, na mwaka 1991 ikabainika kwamba Mls zenyewe ni protini za kirusi cha uvimbe wa matiti ya panya kilichojipachika ndani ya jenomu yao. Mimi huona kisa hiki kinafundisha kuliko mchoro wowote, kwa sababu kinaonyesha uteuzi wa Vβ ukifanya kazi kwa pande zote mbili: ndani ya thaimasi huondoa seli, na nje ya thaimasi huziamsha.

Kuhusu swali la pili, kipimo ulichotumia ndicho kinachokupotosha. Kipokezi cha seli T hakikuumbwa kushika kwa nguvu kama kingamwili. Mshikamano wake na peptidi iliyo ndani ya MHC, ule wa kawaida kabisa unaotulinda na maradhi kila siku, nao huwa kati ya mikromola 1 na 100 hivi. Superantijeni nyingi ziko katika masafa hayohayo, kuanzia karibu mikromola 1 kwa TSST-1 na Vβ2 hadi zaidi ya mikromola 100 kwa SEB na Vβ8.2 ya panya. Kwa seli moja moja, superantijeni haisukumi kwa nguvu isiyo ya kawaida. Wingi wa seli zinazosukumwa kwa wakati mmoja ndio unaoleta balaa.

Kuna na jambo la ushirikiano. Mshikamano unaopimwa kwa protini mbili zilizotengwa hauelezi kinachotokea pale tatu zinapokutana kati ya seli mbili. Superantijeni iliyokwisha kukaa juu ya MHC haielei tena ovyo. Imewekwa mahali pamoja, ikiwa imeelekezwa upande ambao kipokezi kitapita. Mwaka 1998 ulichapishwa uchunguzi wa SEB na SEC3 zilizobadilishwa asidi amino moja moja, na ilionekana kwamba ongezeko dogo la mshikamano na MHC liliweza kufidia upungufu mkubwa wa mshikamano na kipokezi. Ukitaka kujua ukali wa superantijeni fulani, usiangalie safu moja tu ya jedwali lako.

---

Chipukizi aliandika:

Ahsante sana, Mwalimu. Suala la ngazi ya uteuzi limenikaa vizuri sasa. Lakini limezaa jingine: ikiwa superantijeni inashika beta na kuiacha CDR3, basi mnyororo wa alfa hauna kazi yoyote? Ningetarajia seli zote zenye Vβ husika ziitikie sawasawa, lakini nimesoma mahali kwamba haziko hivyo. Na suala la mchoro bado naomba msaada.

---

Fuwele alijibu:

Maswali haya mawili yana jibu moja, na jibu hilo limo katika maumbo.

Mwaka 1994 ulipatikana kwa eksirei za fuwele muundo wa SEB ikiwa imeshika HLA-DR1, aina mojawapo ya MHC daraja la II ya binadamu, na mwaka huohuo ukapatikana wa TSST-1 na HLA-DR1. Mwaka 1996 kundi la Roy Mariuzza likatoa muundo wa mnyororo wa beta wa panya ukiwa umeshikwa na SEC2 na SEC3, ambazo ni ndugu wa karibu wa SEB, na miaka miwili baadaye ukaja wa SEB yenyewe. Watafiti wakaiweka miundo hiyo mmoja juu ya mwingine, superantijeni ikiwa ndiyo kiungo, na hapo ndipo picha ya kitabu chako inapoanza kuyumba. SEB haikai pembeni ikivibana vitu viwili vinavyotazamana kama kawaida. Inaingia katikati kama kabari, ikishika mnyororo wa alfa wa MHC upande mmoja na Vβ upande mwingine, na kwa kufanya hivyo inakiinua na kukisogeza kipokezi kiasi kwamba CDR3 hazifiki tena kwenye peptidi. Peptidi ipo, lakini hakuna anayeisoma.

Tazama sasa kinachobaki upande wa pili wa kabari. Kwa mpangilio huo, mnyororo wa alfa wa kipokezi unaweza kugusana moja kwa moja na mnyororo wa beta wa MHC. Mguso huo haujengwi na superantijeni, lakini unausaidia mkusanyiko wote kusimama, na ubora wake hutegemea Vα, yaani eneo badilifu la mnyororo wa alfa, ambayo seli inayo. Ndiyo sababu seli mbili zenye Vβ ileile zinaweza kuitikia SEB kwa viwango tofauti: moja ina alfa inayokubaliana na MHC iliyopo, nyingine ina alfa inayogongana nayo. Kwa hiyo alfa ina kazi, ila ni ya kuongeza au kupunguza mwitikio, na tofauti yake huonekana zaidi pale ambapo mshikamano wa beta na superantijeni wenyewe ni dhaifu.

Ningekuomba hata hivyo usiichukue SEB kuwa mfano wa zote, kosa ambalo vitabu vingi hulifanya kwa sababu SEB ndiyo iliyochunguzwa mapema. Superantijeni hizi za bakteria zina umbo moja la msingi, sehemu mbili zilizokunjwa kwa namna ileile, na uzito wa kilodaltoni 22 hadi 29 hivi; lakini namna zinavyoshika hutofautiana kwa kiasi kinachoshangaza. SpeC ya Streptococcus pyogenes hushika mnyororo wa beta wa MHC kupitia ayoni ya zinki, mahali tofauti kabisa na pale SEB inaposhika, na upande wa kipokezi hugusa vitanzi vyote vitatu vya Vβ2 pamoja na HV4. Hapo kipokezi na MHC havigusani hata kidogo. Superantijeni ndiyo daraja lote. SEA, sumu nyingine ya Staphylococcus aureus, ina sehemu mbili za kushikia MHC, moja dhaifu inayofanana na ya SEB na nyingine kali ya zinki iliyo katika kiwango cha nanomola, kwa hiyo molekuli moja ya SEA inaweza kuunganisha MHC mbili. Na SEH, nayo ya Staphylococcus aureus, imeivunja hata kanuni ya beta: yenyewe hushika eneo badilifu la mnyororo wa alfa. Mtu anayefafanua superantijeni kuwa kitu kinachoshika Vβ ameiacha SEH nje ya mlango.

Kuna undani mmoja ambao kwangu ni mzuri kuliko yote, nao unaongezea alichosema Mwalimu Kinga kuhusu TSST-1 kuchagua Vβ2 na SEB kuchukua familia nyingi. Ukiufungua muundo wa SEC3 na mnyororo wa beta na kufuata vifungo vya haidrojeni kimoja baada ya kingine, utaona kwamba vingi vinakwenda kwenye uti wa mnyororo wa CDR2 na HV4, yaani atomi ambazo kila asidi amino inazo, si kwenye minyororo ya pembeni ambayo ndiyo inayozitofautisha asidi amino. Upande wa sumu, asidi amino ya 23, asparajini, ni nguzo ya mguso huo, na ikibadilishwa kuwa alanini mshikamano unaporomoka. Maana yake ni kwamba SEC3 na SEB husoma zaidi mkunjo wa kitanzi kuliko maandishi yake, kwa hiyo Vβ kadhaa zenye mkunjo unaofanana zinaingia katika kundi moja hata kama mfuatano wa asidi amino zake haufanani. TSST-1 yenyewe hutegemea sura mahususi ya CDR2 na kiunzi cha tatu cha Vβ2, ambayo Vβ nyingine hazina. Upana au wembamba wa uteuzi unasomeka moja kwa moja kwenye uso wa mguso.

Kuhusu peptidi, kanuni kwamba haihusiki nayo ina mipaka. SEB hushika pembeni mwa mfuo na haiijali sana peptidi iliyomo. TSST-1 hujitandaza juu ya sehemu ya mfuo hadi kuifikia ncha moja ya peptidi, na peptidi zinaweza kuusaidia au kuuzuia ushikaji wake. Hapa pia tofauti si ndogo, maana seli mbili zinazowasilisha HLA-DR ileile zikiwa na peptidi tofauti hazitakuwa jukwaa sawa kwa TSST-1.

---

Darubini alijibu:

Wenzangu wamemaliza upande wa maumbo. Niongeze namna mambo haya yanavyoonekana kwenye maabara, kwa sababu data halisi zina mitego.

Jaribio la zamani ambalo bado ninalithamini ni la kuzigandisha seli wasilishaji kwa kemikali ya paraformaldehidi, ambayo huzifunga zibaki na umbo lake bila kufanya kazi. Seli iliyotendewa hivyo haiwezi kumeza wala kukata protini, kwa hiyo haiwezi kuwasilisha antijeni ya kawaida iliyoongezwa ikiwa nzima. Ukiongeza superantijeni, seli T bado zinaitikia. Kisha ukiondoa kabisa seli zenye MHC daraja la II, mwitikio unazimika au kudhoofika sana. Kwa hatua hizo mbili umekwisha kuonyesha kwamba kukatwa hakuhitajiki na kwamba MHC inahitajika, kabla hujagusa fuwele hata moja. Utaona pia kwamba seli T za CD8, ambazo kwa kawaida hutambua MHC daraja la I, huitikia sambamba na za CD4, zinazotambua daraja la II, jambo ambalo lisingetarajiwa kwa antijeni ya kawaida iliyoletwa na MHC daraja la II.

Ukitaka kujua ni Vβ zipi zimeguswa, hutumika mkusanyiko wa kingamwili za Vβ mbalimbali na mashine ya saitometria, inayohesabu seli moja moja kwa rangi za kingamwili zilizozishika. Mkusanyiko unaotumika sana hufunika takriban asilimia 70 ya seli T za damu, kwa hiyo kuna familia ambazo hazitaonekana kabisa. Jihadhari pia na saa za mwanzo. Seli iliyoamshwa huvimeza vipokezi vyake ndani, na kingamwili inayotafuta Vβ juu ya utando haikipati inachokitafuta. Mtu asiyejua atadhani familia hiyo imepungua, ilhali ndiyo inayowaka kuliko zote. Kupima mRNA za Vβ kwa wakati uleule huondoa utata huo.

Mtego mkubwa zaidi ni wa kutafsiri ongezeko. Familia ya Vβ inaweza kukua kwa sababu ya superantijeni, lakini pia inaweza kukua kwa sababu koo chache zilizotambua peptidi fulani zimezaliana sana na zimetokea kuwa na Vβ moja. Kuzitofautisha inabidi usome CDR3. Kama ni peptidi, utakuta CDR3 chache zilezile zikijirudia. Kama ni superantijeni, Vβ moja imefurika lakini ndani yake CDR3 ni za kila namna, urefu wake umetawanyika kama kwa mtu mwenye afya, na minyororo ya alfa imechanganyika. Hivyo ndivyo maelezo ya Mwalimu kuhusu jeni V na CDR3 yanavyogeuka kuwa kitu unachoweza kukiona kwenye kioo cha kompyuta. Alama ya namna hiyo imeonekana kwa baadhi ya watoto waliopata uvimbe wa viungo vingi baada ya UVIKO-19, ambao seli zao zenye TRBV11-2 (jina la Vβ mojawapo) ziliongezeka bila upendeleo wa CDR3. Alama ni sababu ya kutafuta superantijeni. Kuitaja sumu yenyewe kunahitaji kuionyesha ikishika MHC na kipokezi, na kwa hiyo mimi hukataa ripoti zinazoruka kutoka kwenye alama hadi kwenye hukumu.

Dokezo la majina: Vβ zina orodha mbili za namba. Vβ2 ya orodha ya zamani ndiyo TRBV20-1 ya orodha mpya, na Vβ17 ni TRBV19. Usilinganishe makala mbili kabla ya kujua kila moja inatumia orodha ipi. Namba za panya ni zake peke yake, Vβ8.2 ya panya haina undugu wa lazima na Vβ8 ya binadamu.

Na usitarajie familia iliyoamshwa ibaki juu. Panya wakichomwa SEB, seli zao za Vβ8 huongezeka kwa siku chache, kisha nyingi hufa na hesabu kushuka hata chini ya ilipoanzia. Zinazosalia huwa hai lakini zimezubaa, ukiziamsha tena hazizaliani kama zamani. Damu ya mgonjwa iliyochukuliwa siku ya pili na iliyochukuliwa wiki ya tatu zinaweza kusimulia habari mbili zinazopingana, na zote zikawa kweli.

---

Chipukizi aliandika:

Nawashukuru sana, na nimeanza kuuchora upya ule mchoro kwa SEB, SpeC na SEH kila moja peke yake. Naomba jambo la mwisho. Ikiwa kipokezi kimesogezwa kutoka mahali pake pa kawaida, na kwa SpeC hakigusi MHC kabisa, je, ujumbe unaokwenda ndani ya seli ni uleule? Na je, seli T haihitaji tena ile ishara ya pili ya CD28, kipokezi kingine cha seli T kinachothibitisha uamshaji?

---

Mwalimu Kinga alijibu:

Sehemu kubwa ya ujumbe ni ileile. Kipokezi kikishikwa, minyororo ya CD3, inayoambatana na kipokezi, huwekewa fosfeti na kimeng'enya Lck, kimeng'enya kingine ZAP-70 hutua hapo, na mfululizo unaojulikana huendelea hadi kalsiamu kupanda na jeni ya IL-2, protini inayozichochea seli T kuzaliana, kuwashwa. Kinachovutia ni kwamba seli T zisizo na Lck, ambazo huitikia hafifu mno kwa antijeni ya kawaida, bado zinaweza kuitikia superantijeni. Watafiti waliofuatilia hilo walikuta njia ya pembeni inayopitia protini ya Gα11 na fosfolipasi C ya aina ya beta, ambayo huishia kwenye kalsiamu ileile. Mimi huichukulia kuwa njia ya ziada. Sioni sababu ya kudhani kwamba ndiyo njia kuu katika seli yenye Lck nzima.

Jambo linaloelezwa vibaya mara nyingi ni mahali ambapo madhara yanatokea. Wengi hudhani sumu hizi huua tishu moja kwa moja. Panya wasio na seli T hustahimili SEB, na wakirudishiwa seli T wanakuwa hatarini tena. Dawa ya saiklosporini, inayozuia uamshaji wa seli T, huwakinga panya. Madhara yanatokana na saitokini, yaani protini za ujumbe kati ya seli za kinga, TNF ikiwa ya mapema, kisha IL-2, interferoni ya gama na nyingine, zinazomwagwa na seli T pamoja na seli wasilishaji zilizounganishwa nazo. Ikumbukwe pia kwamba panya wa kawaida si kipimo kizuri cha binadamu hapa, kwa kuwa MHC zao hushika SEB hafifu kuliko HLA-DR. Ndiyo maana majaribio mengi huwahitaji panya waliopandikizwa jeni za HLA, au waliodhoofishwa kwanza ini kwa kemikali ya D-galaktosamini.

Kuhusu CD28, jibu limebadilika tangu vitabu vingi vilipoandikwa. Zamani ilisemwa tu kwamba superantijeni hunufaika na ishara ya pili inayotolewa na B7, molekuli ya seli wasilishaji inayoshika CD28, kwa njia ya kawaida. Mwaka 2011 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba SEB hushika CD28 yenyewe moja kwa moja, kwenye ubavu ambako molekuli mbili za CD28 huungana kufanya jozi, na kwamba sehemu ya SEB inayofanya hivyo iko mbali na zile zinazoshika MHC na Vβ. Kwa hiyo kwenye mchoro wako wa SEB ongeza mkono wa tatu, upande wa nyuma wa sumu, ukielekea CD28. Watafiti haohao walitengeneza peptidi fupi zinazoiga ubavu huo wa CD28, zikawahi kuikalia sehemu hiyo ya sumu kabla ya CD28 yenyewe, na panya waliopewa peptidi hizo walinusurika dozi za SEB zilizowaua wenzao, ingawa sehemu za kushikia MHC na kipokezi cha seli T hazikuwa zimeguswa.